Darasa la Kantini

Ubao wetu ni mlango wa chumba cha baridi.
Chaki inateleza, maana bati linatoka jasho,
na nje Tukuyu inanyesha kama ilivyozoea,
bila kuuliza nani kaanika nini.

Wanafunzi kumi na mmoja, wote wapakiaji wa parachichi,
aproni bado kiunoni, kucha za kijani.
Meneja anataka wasome maandishi ya kwenye maboksi.
Mimi ni karani wa mizani. Kiingereza nilipata D,
tena kwa kusukumwa,
ila ndimi niliyekuwa karibu.

Tulianza na raipu.
Raipu ni tunda lililoiva, nikasema.
Tusekile akakataa: "Parachichi haliivi mtini, Mwalimu.
Linaivia njiani. Hawana neno la tunda
lililokomaa, likaondoka gumu kwao,
likaenda kulainika kwa watu?"
Nikawakumbuka wanangu, mmoja Tunduma,
mmoja sijui wapi.
Nikafuta ubao kwa kiwiko.

Rijekti halikuhitaji mwalimu.
Rijekti ni lenye kovu la upepo, lililochubuliwa na tawi,
dogo mno, au lenye shingo.
Litumie katika sentensi:
Jana watoto walikula rijekti kwa chumvi, wakashiba, wakalala.

Sori ilitumalizia jioni nzima.
Nilieleza: ukimkosea mtu, unalisema.
Gwamaka akajikwaa kwenye kreti palepale,
sijui kwa makusudi,
na kantini yote ikasema pole.
"Sasa hiyo kwa Kiingereza?"
Sori, nikasema.
"Kwani ninyi ndio mlioniangusha?"
Nikaandika pole, nikaweka alama ya kuuliza.
Ipo mpaka leo. Jasho la bati limeizunguka.

Wiki iliyofuata nikachagua neno jepesi.
Leti ni kuchelewa.
Basi la Kyela liko leti.
Ukija leti, msimamizi anakata buku mbili.
Wakacheka, hilo walishalisoma kwenye mshahara.

Subilaga hakucheka. Alifungua mkoba,
akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne,
ya watu wa mafao, yenye mhuri,
akaweka ukucha chini ya jina la mumewe.
Mbele ya Anyosisye, neno lilelile, herufi zilezile.

"Kwa hiyo wameandika kwamba Anyosisye amechelewa."

Mvua, kwa ubaya wake, ilikuwa imepungua,
kila mtu angenisikia.
Ningeweza kusema maneno mengine hubeba mizigo miwili,
kama paa, kama kaa.
Ningeweza kulitamka lile la kwetu, marehemu,
nikalitua mezani kati ya vikombe.
Nikasema: ndiyo, ni hilohilo.

Aliitazama karatasi kama anayehesabu kreti.
"Alikuwa hivyo," akasema. "Harusi ilikuwa saa nne.
Alifika saa tisa, matope mpaka magotini,
lori la ndizi limekwama Kiwira.
Mchungaji alishavua joho."
Akakunja, mara moja, mbili, tatu,
ya nne akaikandamiza kwa kidole gumba.
"Basi walimjua vizuri."

Gwamaka akafungua mdomo. Nadhani alitaka kusema sori.
Akasema pole.

Usiku nilisahihisha madaftari kwa tochi ya simu.
Wengi waliandika kama nilivyosema,
wawili waliandika leti kwa r.
Kwenye la Subilaga, mstari wa mwisho,
mwandiko unaopanda kilima kama shamba la chai:

*Leti ni mtu ambaye chakula chake bado kimefunikwa.*

Sikuweka vema. Sikuweka mkasi.
Nilikaa nalo hadi simu ikazima,
na asubuhi nilifika mizanini saa mbili na robo.
Wakanikata buku mbili.