Jumla ni Kumi na Saba

Kijarida kina kurasa kumi na sita.
Ukitaka kumi na tano, kitakugomea:
karatasi ikikunjwa huzaa nne, kisha nne,
na asiyeijua hesabu hiyo hubaki na ukurasa mtupu
akausingizia usanii.

Nilipiga picha jengo letu la matofali, hapa Łódź,
baridi ya mwisho ya makaa ya mawe,
manispaa ikiwa njiani na mabomba yake.
Kila mpangaji nilimwomba jambo moja:
simama mlangoni, shika ufunguo wa stoo yako ya chini.
Bibi Leokadia alipaka rangi ya mdomo kwanza,
mimi nikimngoja kwenye ngazi, vidole vimekufa ganzi.
Bwana Zenon alitoka na soksi moja.
Hawa wawili hawajasalimiana tangu mwaka themanini na saba:
ndoo ya makaa ilipotea,
na ndoo haina miguu.

Msomaji huenda moja, mbili, tatu.
Mchapaji hana njia hiyo.
Karatasi ikiwa bado tambarare
ukurasa wa kwanza hulala na wa kumi na sita,
wa pili na wa kumi na tano,
majirani wasiochaguana,
na kila jozi, ijumlishe upendavyo, ni kumi na saba.
Si mimi. Hesabu ndiyo iliyomweka Leokadia, wa tatu,
ubavuni mwa Zenon, wa kumi na nne,
ufunguo kwa ufunguo,
kati yao mkunjo tu.

Iwo ana chumba ndani ya kilichokuwa kiwanda cha soksi,
na mashine ya kurudufu iliyostaafu shule ya msingi.
Buluu hupita kwanza. Unasubiri. Kisha chungwa.
Karatasi ikasogea unywele mmoja
na Zenon akapata pua mbili.
"Nitupe?" Iwo akauliza.
Nikasema acha, ndivyo alivyo kule ngazini
taa inapokaribia kuzima.
Wino ule haukauki ukakauka:
ukimgusa Leokadia mdomoni
unaondoka na mdomo wake kidoleni.

Nakala arobaini. Nilikunja kwa mgongo wa kijiko
mpaka kijiko kikapata joto.
Pini themanini, na moja ya ziada
iliyokwenda kwenye kidole gumba.

Moja nilibadilishana na Radim, aliyekuja kutoka Brno;
chake ni ndimi za mbwa, mwanzo hadi mwisho,
nami nakipenda kuliko changu.
Tano ziliuzwa, ya sita kwa mkopo.
Mbili niliziacha kwenye kiti cha tramu.
Mojawapo ilirudi kwa posta, bila barua,
imesahihishwa kwa penseli: ghorofa ya pili
si Halszka, ni dadake.
Kweli, ni dadake.
Nyingine nikazisukuma usiku
kwenye masanduku ya barua ya jengo, kama deni.

Jumamosi Leokadia akabisha.
Alikuwa amezikunjua pini kwa kisu cha siagi
ili ajitoe, ajibandike jikoni, basi.
Akajitoa, na Zenon akaja naye.
"Huyu anatafuta nini kwangu?"
Nikamweleza ile kumi na saba.
Akahesabu kwa vidole, vidole vikaisha,
akaazima vyangu.
Akatazama zile pua mbili.
"Amezeeka," akasema, akaenda zake.

Nikaja kuona: ameikunja karatasi katikati,
yeye nje, Zenon nyuma,
kwenye mlango wa friji, chini ya sumaku ya duka la dawa.
Zenon amelielekea bati
anayasikiliza maziwa yakipoa.
Mkasi ulikuwa pale pale mezani.

Mabaki alinirudishia ndani ya mfuko wa mkate.
Nikayahesabu: kurasa kumi na mbili.
Bado inagawanyika kwa nne.
Nimepiga pini upya.
Ya pili inarukia ya tano, na hakuna aliyelalamika.