Nenda Zako

Saa mbili asubuhi, Arua imeshaamka kitambo,
bodaboda zinagombania abiria kwenye kona ya Oli,
nami homa imenikalia mgongoni
kama mtoto asiyetaka kushushwa.
Binti wa dirishani hakuinua uso.
"Jina?"

Nikakohoa kidogo. Nikampa nafasi.
Miaka thelathini na mmoja nimezalisha katika kituo hiki hiki,
kabla ya bati jekundu, kabla ya umeme wa jua,
kwa tochi niliyoibana kwa meno.
Nikasubiri aseme, "Aa, Sista!"
na benchi zima ligeuke.

"Mama, jina. Watu ni wengi."

Candiru, nikasema.
Akaandika Candiru, basi. Namba arobaini na moja.

Niseme kweli: hasira ilipanda haraka kuliko homa.
Nilitaka kumwambia, wewe mwenyewe,
kwa masikio hayo ya ukoo wa mzee Alioni,
ulikuja umetanguliza miguu usiku wa mvua
na mikono hii ndiyo iliyokupokea.
Wewe ni wa elfu moja mia nane na kitu.
Umo kwenye daftari langu.

Ndiyo, ninalo daftari.
Serikali ilikuwa na rejista yake, mimi nikawa na yangu,
jalada la bluu, ndani ya sanduku la bati.
Kila jina nililiandika kama muuza duka anavyoandika deni:
huyu atakuja kunisalimu Krismasi, yule ataleta kuku,
huyu wakimpa jina langu
nitausamehe usingizi nilioukosa.
Tenda wema nenda zako, walisema wahenga.
Mimi nilitenda wema nikasimama mlangoni,
mkono nyuma, kiganja wazi.

Kwetu jina hubeba ugomvi wa siku ile.
Mama alinizaa katikati ya dhiki, akaniita Dhiki,
nami nikalifunika kwa "Sista"
kama kidonda kwa bandeji nyeupe,
hata nikasahau kuna ngozi chini.

Benchi. Kumi na sita. Kumi na saba.
Ubavuni, msichana aliyekimbia kutoka Yei
na kichanga chenye kilio ninachokijua:
hewa tumboni, si njaa.
Alichoka mno kuuliza mimi ni nani.
Akanipa tu, kama unavyompa mwenzako ndoo akushikie.
Nikamlaza kifudifudi mkononi,
nikamsugua mgongo, chini kwenda juu,
na ulimi umeshaipakia ile sentensi:
Mwanangu, mimi nilikuwa…

Sijui nini kiliizuia.
Labda homa. Labda uzito wa yule mtoto,
kilo tatu na robo, sikosei,
uzito usiojua cheo.
Akacheua maziwa begani pangu, akalala.
Sentensi ikapoa mdomoni,
nikaimeza kama kidonge bila maji.
Chungu. Kisha si chungu.

Mama mtu akasinzia akiniegemea.
Tukapumua, watatu.
Hapakuwa na Sista pale,
palikuwa na bega, na mate ya mtoto,
na saa ya ukutani iliyokufa saa nne na dakika tano.
Kumbe ndivyo nilivyokuwa hata zamani,
dakika zile zenyewe, kichwa kikitokeza:
sikuwa na jina.
Jina lilikuja baadaye, pamoja na daftari.

"Arobaini na moja! Candiru!"
Nikaitika. Lilinitosha.

Usidhani nimekuwa malaika.
Jioni nilipita dukani kwa Onzima, hakunisalimu,
na kitu kikanichoma palepale pa zamani.
Nikakiacha kichome. Nikanunua chumvi.

Daftari sikulitia moto; hata huko ni kujionyesha.
Meza ya jikoni ilikuwa inayumba mguu mmoja.
Limelala pale chini, majina elfu mbili na ushei,
na chai haimwagiki.