Msingi Umeanza Kuonekana

Miaka thelathini na moja niliketi masijala,
faili za viwanja, rafu hadi darini.
Kila Ijumaa alasiri nikizirudisha kwa namba,
maana jalada lililokaa pasipo pake
ni mtu aliyesimama dirishani tangu asubuhi
akiambiwa: Njoo kesho.

Nikastaafu na mkono uleule.
Kompyuta ya kwanza, mtumba, niliinunua Majengo,
diski yake ya sahani na sindano
ikikwaruza usiku kama panya kihengeni.
Kila Jumapili, tukitoka ibadani, niliipanga:
vijisanduku vyekundu, vya buluu, vyeupe,
vikihama kimoja kimoja kwenye kioo,
mimi na Foibe tukitazama, chai ikipoa,
asilimia arobaini,
arobaini na moja,
kama watu wanaotazama mvua ya kwanza.

Mwezi wa Machi Chilongani, mtoto wa dada yangu,
akaifungua kwa bisibisi, sahani akaitoa,
akapachika kitu chembamba kama biskuti.
Hakizunguki. Hakina sauti.
"Mjomba, hii usiipange.
Humu hakuna mbali wala karibu.
Faili likatwe vipande mia, vitawanywe,
litafika mezani wakati uleule.
Na kila unapohamisha, unaandika,
na kila unapoandika, unaila kidogo,
kama kiatu na lami."

Nikamtolea daftari. Nilikuwa nimenakili mengi:
zima hiki, futa kile, mashine isilale usingizi mzito,
faharasa iondolewe, akiba ya kumbukumbu ihamishwe.
Akacheka hadi bisibisi ikaanguka.
"Acha, Mjomba. Iachie nafasi kidogo isijae.
Kupogoa inajua yenyewe."

Kupogoa! Hilo nalielewa.
Nina ekari moja ya zabibu Mpunguzi,
na mwaka nilipopogoa mara ya tatu, kwa kiherehere,
mizabibu ilinipa majani
ikaninyima vichala.

Lakini mkono, jamani.
Jumapili ile nikafungua programu,
kidole juu ya kitufe:
kidogo tu, niisikie ikifanya kazi.

Foibe alikuwa mlangoni.
"Si wewe," akasema, "uliyenipeleka nyuma ya nyumba juzi
ukanionyesha msingi?"

Ni kweli. Uwanja wetu hapa Nkuhungu ni mchanga mwekundu,
naye huufagia alfajiri, na jioni tena,
mwaka wa kumi na tisa huu;
mawe ya msingi yametokeza kama meno,
na kidaraja cha mlango, kilichokuwa kimoja,
sasa ni viwili.
Nilimwambia: Mama Damari, utaifagia nyumba hadi ianguke.
Akanijibu: Uchafu siuvumilii.

"Kitu kimetulia," akasema sasa,
"kinafunguka kabla sijameza mate.
Unatafuta uchafu gani humo?"

Sikuwa na jibu.
Au nilikuwa nalo, nikaona haya kulitamka:
kwamba kitu kisichonihitaji
sijui nikipendeje.

Nikafunga programu. Nikatoa flashi kwenye droo,
nikanakili hesabu za zabibu, hati ya kiwanja,
picha za harusi ya Damari;
kwa kuwa ile ya sahani ilikohoa wiki nzima kabla ya kufa,
na hii, anasema Chilongani,
siku yake ikifika haitabisha hodi.
Dakika nne. Basi.

Ikabaki Jumapili nzima mezani.
Chai, kwa mara ya kwanza, tuliinywa ya moto.

Alfajiri nikausikia ufagio,
chwa, chwa, kutoka mwarobaini kuja nyumbani,
kisha kimya.
Nikalala macho wazi, nikihesabu.
Ukaanza tena, polepole,
upande wa geti tu,
mbali na msingi.