Kugawanya kwa Sifuri

Efrain Tapia ameichomeka bahasha chini ya mlango wa jikoni
kama mtu aliyevunja kikombe cha watu.
Kuanzia Juni ni dola mia na arobaini na tano kwa mwezi;
mia na thelathini imekwisha kazi.
Klorini imepanda, anaandika, asidi imepanda,
petroli usiniulize.
Wavu, brashi na kuosha chujio vimo humo humo.
Pampu ikifa, hayo ni mazungumzo mengine.

Hapa Tucson kila ua una jicho la buluu linalolitazama jua,
na kila jicho lina mtu wake wa kulipwa.
Lucille wa ng'ambo ya ukuta hutoa mia na tisini
kwa kampuni yenye magari meupe
na kijana mpya kila juma asiyejua lango linafungukia wapi.
Bwana Pruitt wa kona hutoa themanini, dawa anajinunulia.
Rahisi huvunja upishi:
bwawa lake sasa ni supu ya njegere.

Mume wangu Orrin hakumlipa mtu.
Kumlipa mtu akuoshee maji, alisema,
ni kumlipa mtu akupepetee upepo.
Akafa Februari. Kufikia Aprili
maua ya manjano ya mti wa jirani yalikuwa yametandika jamvi juu ya maji,
na mimi nimesimama mbele ya pampu
yenye vali nne na mshale mmoja
uliofutika.

Ndipo akaja Efrain. Jumanne, saa moja asubuhi, mwaka wa sita huu.
Huacha kikaratasi juu ya meza ya nje:
klorini tatu, asidi sawa, nge mmoja kikapuni (hai).
Klorini mbili na nusu, nimeongeza. Pete ya pazia, ni yako?
Kifaranga wa kwale. Nimemzika kando ya kaktasi, samahani.

Usiku nikatoa kikokotoo cha Orrin, kile chenye vitufe vya mpira.
Mia na arobaini na tano mara kumi na mbili:
elfu moja mia saba na arobaini.
Nikagawanya kwa idadi ya mara nilizoogelea mwaka jana.
Kikatoa herufi moja tu, kikagoma.
Nikadhani ni betri. Nikarudia.
Haikuwa betri.

Basi Jumatano nikavaa lile vazi lililolegea kiunoni,
nikashuka ngazi moja moja, nimeshika chuma kama mgonjwa.
Maji yaliponifika mbavuni nikapiga ukelele peke yangu.
Mara moja: elfu moja mia saba na arobaini,
ghali kuliko hoteli yoyote niliyowahi kulala.
Alhamisi: mia nane na sabini.
Ijumaa: mia tano na themanini,
na mgongo ukakumbuka jinsi ya kuelea.

Julai likaja lile vumbi la dhoruba,
maji yakawa chai ya maziwa kwa siku tatu.
Efrain alikuja siku isiyo yake
na hakuandika kitu.

Ya kumi ilikuwa mia na sabini na nne.
Nimekushinda, nikamwambia Lucille juu ya ukuta.
Akauliza: umenishinda nini?

Ya kumi na mbili iliangukia Jumanne; nilikuwa nimesahau siku.
Lango likalia. Efrain na fimbo yake ndefu begani
akanikuta katikati, nywele zimenigandama usoni.
Mia na arobaini na tano! nikamwambia kutoka majini.
Akadhani nalalamikia bei.
Akavua kofia, akaanza: klorini, mama, na asidi, na petroli…
Nikamwacha amalize.

Alingoja nitoke. Sikutoka.
Akaanzia upande wa kina kirefu, akipitisha brashi polepole,
akinizunguka kama mtu anayefagia sebule
ambamo mgeni amepitiwa na usingizi.

Kikaratasi cha siku hiyo bado kiko kwenye friji:
klorini tatu, asidi sawa,
mtu mmoja (hai).