Breki Tatu

"Sentimita nne kutoka mlangoni,"
alisema daktari wa kwanza, akiandika bila kuniangalia.
"Tunakata vyote, tunaziba. Mfuko ubavuni, maisha."
Nje, theluji ya Poznań ilishageuka tope,
na tramu yangu ikapita, inaendeshwa na mtu mwingine.

Mgonjwa haulizwi uji.
Lakini Daktari Wierzbowska aliniuliza:
"Bogumił, unataka nini?"
Kuketi, nikasema. Kuketi zamu nzima kwenye kiti changu.

Akachora nyuma ya risiti ya duka la dawa:
mionzi, kisha kemo, kisha kusubiri,
kisha kisu, kikute kazi imepungua.
"Siahidi," akasema.
Hakuhitaji kunieleza zaidi. Miaka ishirini na tisa
nimeteremka kilima na breki tatu:
ya umeme hupunguza, ya diski hushika,
ya sumaku hung'ata reli.
Anayetegemea moja hatumwi mteremkoni.

Mara ishirini na tano nililala kifudifudi,
suruali magotini, kama mtoto anayengoja viboko.
Ngozi ikaungua. Halszka akanipaka mafuta
huku akinisomea bei za viazi
ili tusizungumze lingine.
Vidonge vikanichubua viganja.
Halafu zile wiki ambazo hakuna aliyenifanya lolote:
hizo ndizo zilizonimaliza.
Haba na haba hujaza kibaba; mimi niliomba ipunguze.

Ngazini, Ziemowit wa ghorofa ya tatu akafunua shati.
"Miaka kumi na moja. Nimecheza harusi za binti zangu wote na huu.
Usiukimbie kana kwamba mimi ni mzimu."
Niliona haya
kuliko haya zote za hospitalini.

Picha mpya: uvimbe umenywea, kovu na punje.
Wakakata. Msuli wa mlangoni wakauacha.
Mfuko nikauvaa hata hivyo, miezi mitatu, utumbo upone;
Ziemowit ndiye aliyenifundisha kuubadilisha gizani.
Kisha wakaufunga.

Sijasema nimepona. Breki zimeshika, basi.
Naenda haja mara sita, saba kwa siku,
na navijua vyoo vyote vya njia yangu.
Pale mwisho wa reli, tramu inapogeuka,
muuza maua ananiona nikishuka mbio
na kunirushia ufunguo
bila kuinua macho kwenye ndoo zake.