Mguu Pande

Saa kumi na mbili asubuhi, Kabale bado imejifunika ukungu,
nilikuwa nikifungua mlango wa jikoni natoa amri
kwa mazoea ya miaka ishirini na minane kambini:
“Mguu sawa!”
Na Jemadari, sungura wa kijivu, sikio moja limechanika,
husimama kwa miguu ya nyuma, mikono kifuani,
kungoja kipande chake cha karoti.

Siku ile hakusimama.
Nikadhani kiburi. Sungura ana kiburi, waulizeni wanaomfuga.

Dalili zilikuwepo, mimi ndiye niliyekuwa likizo.
Kreti ya soda aliyoiruka zamani bila kuitazama
sasa aliizunguka, kama mdeni anavyozunguka duka.
Sikio limejaa nta, maana mguu wa kulikuna haufiki.
Manyoya ya kiunoni yameshikamana
kama blanketi la mahabusu.
Na kile kinyesi laini anachokila usiku, chakula chake cha pili,
kimemkaukia makalioni;
hawezi tena kujikunja akifikie.
Nikamtazama anavyokaa: mguu wa kulia kautupa kando.
Mguu pande, bila kuamriwa.

Turyatunga akachungulia juu ya ua:
“Afande Kobusingye, huyo kazeeka. Chungu ninacho, chumvi ninayo.”
“Hata wewe unachechemea,” nikamwambia,
“na hakuna aliyekuletea chumvi.”

Nikamlaza kapuni juu ya sweta langu la kazi,
nikateremka naye mjini kwa miguu,
boda isije ikamrusharusha.

Daktari Ninsiima ni binti mdogo, mikono yake haina haraka.
Alilikunja goti, akalikunjua.
Jemadari akasaga meno, mara moja tu:
changarawe chini ya buti.
“Hicho ndicho kilio chake,” akasema daktari.
“Huyu hafichui maumivu. Porini
anayechechemea ndiye anayeliwa kwanza.”

Baridi yabisi.
Mimi nilidhani ni ugonjwa wa mama yangu
na wa wanawake waliolima milima hii wakiwa wameinama.
“Itapona?”
“Haiponi. Inafugika.”

Basi tunaifuga.
Dawa ya maji, matone yaliyopimwa kwa uzito wake,
si kwa huruma yangu.
(Vidonge vyangu vya mgongo, daktari alinikanya mara tatu,
nisithubutu: huko ni kumuua kwa mapenzi.)
Karoti nimezipunguza, amenichukia kwa hilo;
nyasi kavu tele, mwili upungue, viungo vipumue.
Sementi inateleza, nimeitandikia mikeka
na juu yake blanketi la kambi, lile lenye namba yangu.
Beseni lake la haja nimelikata ukingo kwa msumeno,
aingie kama mtu anayeingia kwake.
Kila Jumamosi namkata kucha, namwosha nyuma kwa maji ya uvuguvugu,
namkausha hadi mizizi ya manyoya,
na yeye ananitazama ukutani, si usoni. Heshima yake.
Julai, baridi inaposhuka kutoka Makanga,
namwekea chupa ya maji moto ndani ya soksi.

Kuna siku mbaya. Jana ilikuwa mbaya,
alikula majani mawili, akageukia pembe.

Lakini juzi, jua lilipoingia hadi kwenye mkeka,
aliinua mguu wa nyuma akakuna sikio.
Hakufika. Alikuna hewa, karibu kabisa na sikio,
kisha akaulamba ule mguu
kana kwamba kazi imekwisha salama.
Nikammalizia mimi, kwa kidole.

Jioni Turyatunga alikuja tena uani,
hakutaja chungu.
Alisimama kitambo, akishikilia nguzo,
kisha akauliza, kama mtu anayeulizia hali ya hewa,
yule binti wa mjini, yule daktari,
hutazama na magoti ya watu?

Gwaride nimelifuta.
Asubuhi napiga magoti, yanalia, na yangu yanalia,
naweka jani sakafuni, usawa wa mdomo wake.
Siamrishi kitu.
Anakuja kwa wakati wake.