Ufa Usio na Soni

Niliingia bandani, feni ingali yavuma,
Panga lile la injini, rangi ndani imezama,
Rubani yu mlangoni, saa anaitazama,
Abiria wa Pembani wanauliza, "Salama?"

Kwa maji nikalifuta, na kitambaa cha pamba,
Poda nikaipepeta, kama kichanga napamba,
Dakika kumi zapita, giza nikajaza chumba,
Taa ndogo nikaleta, zambarau ikalamba.

Shinani pale naona uzi mmoja, kijani,
Ni mfupi, wafanana na ukope mashavuni,
Nikafuta, nikaguna; ukarudi bila soni.
Semkiwa akanena, "Hicho nacho kitu gani?"

Ukuta ukipasuka, twauziba kwa mikono,
Huu hauna kiraka, hukua kwa mnong'ono,
Injini ikizunguka, hung'ata pasipo meno.
Fomuni nikaandika: "Litupwe," bila maneno.

Ngamiani hawasemi nami, arusi wamekosa,
Halua, sinia kumi, zimelala hata sasa.
Panga lipo kwangu mimi, mezani, nikiligusa
Kucha wala haikwami,
na ufa upo kabisa.